Makusudi Yaliyochacha

Jino ndilo lililoanzisha mambo yote haya. Isingekuwa jino, Kilainishi angekuwa anaongea, na mtu anayeongea husikia kidogo sana.

Kilainishi si jina alilopewa na mama yake. Alipewa mtaani, siku alipomuuzia kitana mzee mwenye kipara, na mzee akashukuru akaomba cha pili amnunulie ndugu yake. Maneno yake yaliingia masikioni mwa watu bila kukwaruza, yakateremka taratibu hadi mfukoni, yakarudi yameshika kitu. Lakini asubuhi ile shavu lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Alikaa kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, leso shavuni, machozi yanamlengalenga, hana hata nguvu ya kumdanganya mtu ili ampishe kwenye foleni.

Kando yake waliketi watu wawili walionona vizuri: mwenye duka la vigae, ambaye watu walimwita Bwana Vigae, na mama mwenye nyumba za kupangisha. Walikuwa wanalalamika, na si habari ya meno.

"Dada yangu, mimi kila kitu ninacho," Bwana Vigae alisema. "Duka ninalo. Magari ninayo. Watoto wamesoma mpaka hawanielewi tena. Lakini nikiamka asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda, nashika soksi, najiuliza: navaa niende wapi? Nikafanye nini? Basi soksi inabaki mkononi mpaka jua linakuwa kali."

"Heri wewe soksi," mama mwenye nyumba akaguna. "Mimi nasimama katikati ya ngazi, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nashindwa kukumbuka nilikuwa napanda au nashuka."

"Tumekosa kusudi la maisha, dada."

"Tumelikosa. Na hata ukitaka kulinunua, linauzwa duka gani?"

Kilainishi aliacha kusikia maumivu. Walimwita ndani, wakamng'oa jino, akatoka na pamba mdomoni, na mpaka leo ukimuuliza kama iliuma hakumbuki. Alikuwa anafikiria bidhaa ambayo haina ghala, haina uzito, haiozi, na kila mtu anajua hana.

Alikuwa amefikia kwa shemeji yake, mke wa kaka yake. Huyo kaka alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaipata, ila njia ya kurudi ndiyo hakuipata. Shemeji hakulia sana. Alifungua saluni, akasuka vichwa vya watu, akajenga maisha yake. Nyuma ya saluni kulikuwa na chumba cha stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na mashine ya zamani ya kukaushia nywele, ile ya kukaa chini yake, kofia kubwa kama sufuria ya harusi. Ilikuwa mbovu. Haikutoa tena joto la maana, ila ukiiwasha inanguruma na kuonyesha taa nyekundu.

"Shemeji," Kilainishi alisema, akiwa jikoni anatafuna mkate kwa upande mmoja wa mdomo. "Ile stoo naomba niitumie."

"Kwa kazi gani?"

"Kuwatafutia watu kusudi la maisha."

Shemeji alikuwa anachambua nywele za bandia. Hakunyanyua macho. "Na utalitafutia wapi?"

"Chini ya ile mashine."

"Ile mashine iliwahi kuunguza bibi harusi."

"Basi ina uzoefu."

Shemeji alimjua vizuri. Alijua pia kwamba ukimnyima stoo ataanzia sebuleni. "Taulo zangu zote utafua wewe," akasema. "Na siku mambo yakiharibika, mimi sikujui."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti, na ikumbukwe kwamba Kilainishi aliyatimiza. Taulo zilikuwa safi mpaka mwisho.

Sasa, tapeli wa kawaida angemuuzia mtu kusudi kwa pesa, akapokea, akakimbia. Kilainishi alidharau kazi za namna hiyo. Mtu aliyelipa pesa huanza kuuliza maswali. Yeye aligundua kitu kingine, na alikigundua akiwa hapohapo jikoni: kila mtu ana kusudi lake, ila kuna kitu kimeliziba. Kitu hicho kinaitwa kizuizi. Mashine itaonyesha kusudi, halafu itaonyesha kizuizi, na mteja atatakiwa kukiacha palepale stoo, atoke mwepesi. Na ajabu ya maumbile ni kwamba kizuizi cha mtu siku zote ni kile kitu chake kizuri kuliko vyote. Nani atarudi kukidai? Ukirudi kukidai, umetangaza mbele ya mji mzima kwamba unalitupa kusudi lako la maisha kwa ajili ya friji.

Bwana Vigae alikuwa wa kwanza. Alikaa chini ya kofia, mikono magotini, kama mtoto anayepigwa picha. Kilainishi akavaa koti jeupe la shemeji, akawasha mashine. Ikanguruma. Taa ikawaka. Akaweka sikio kwenye kofia, akafumba macho, akakunja uso kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio mbovu.

"Lipo," akanong'ona.

"Lipo?" Bwana Vigae akataka kuinuka.

"Tulia! Usilishtue." Akasikiliza tena. Ukweli ni kwamba hakuwa ameandaa chochote. Alitupa jicho dirishani, akaona jirani amesahau nguo kwenye kamba na mawingu yametanda. "Kukumbusha," akasema.

"Kukumbusha nini?"

"Mashine haijasema nini. Imesema kukumbusha. Kazi yako hapa duniani ni kuwakumbusha watu."

Midomo ya Bwana Vigae ikaanza kucheza. "Mimi kila siku," alisema kwa sauti ya kuvunjika, "kila siku nyumbani wananiambia niache kukumbushakumbusha. Mke wangu. Watoto. Kumbe ndiyo maana!"

"Ndiyo maana, mzee wangu. Sasa kuna kizuizi." Akasikiliza. "Kipo mkono wa kushoto."

Mkono wa kushoto ulikuwa na saa ya dhahabu.

Akaivua bila kubishana. Akatoka nje, akasimama pale njia panda karibu na saluni, na mwanamke wa kwanza aliyepita akamnyooshea kidole: "Mama! Usisahau!"

"Nisisahau nini?"

"Wewe unajua."

Yule mama akasimama. Akafikiri. Akashika kichwa, akageuka mbio, na kweli alipofika kwake alikuta sufuria imekauka jikoni na ukuta umeanza kufuka moshi. Kabla ya magharibi, mtaa mzima ulikuwa unasimulia habari za Bwana Vigae aliyeokoa nyumba kwa neno moja, na za Daktari wa stoo ya saluni aliyemfumbua macho.

Baada ya hapo watu walikuja wenyewe.

Mama mwenye nyumba aliambiwa kusudi lake ni kushangaa. Akaacha bangili zake na kwenda zake akishangaa. Alishangaa mabomba, alishangaa paka, na alipokwenda kudai kodi mpangaji akamwambia mwezi huu hali ngumu, akashangaa hilo nalo, akarudi nyumbani ameridhika kabisa. Wapangaji wakaanza kumpenda. Muuza nyama aliambiwa kusudi lake ni kunyamaza, akaacha friji ambayo hata plastiki yake haijatoka. Wateja wakaona buchani hakuna tena kelele na ubishi kuhusu mifupa, wakajaa. Mwalimu mkuu mstaafu aliambiwa kusudi lake ni kufika. Akaacha baiskeli, akawa anafika kwa miguu kila mahali: kwenye vikao, kwenye harusi za watu asiowajua, kwenye nyumba iliyopotelewa na mbuzi. Anafika, anasema "Nimefika," watu wanapiga makofi, anaondoka. Uso wake ulinawiri kama wa kijana.

Stoo ikajaa. Televisheni, cherehani, gitaa, zulia lililoviringishwa, viti vya ngozi. Kilainishi alipanga kumaliza mwezi, akodi lori, apotee. Ndivyo alivyofanya kila mji aliopita, na hakuna mji hata mmoja uliowahi kumwona akiaga.

Ila kulikuwa na jambo lililoanza kumsumbua, na yeye hakulipenda hata kidogo. Wateja walirudi kushukuru.

Hakuzoea. Katika kazi yake, mteja akirudi huja na polisi au na rungu. Hawa walikuja na tabasamu. Siku moja Bwana Vigae aliingia, akamshika mikono yote miwili.

"Daktari, nimevaa soksi alfajiri! Zote mbili! Nilikuwa nimechelewa!"

"Hongera, mzee."

"Na wewe, Daktari, kusudi lako lilikuwa rahisi kupatikana?"

"Langu? Ah!" Kilainishi akacheka. "Langu lilipatikana zamani."

"Lipi?"

Mtu aliyemuuzia kipara kitana akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. "Haya, mzee," akasema hatimaye, "usisahau."

"Eh! Kweli!" Bwana Vigae akatoka mbio.

Kilainishi alibaki amesimama, taulo mbichi mkononi. Aliiangalia ile taulo. Akajiuliza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa anaipeleka wapi, na kwa nini. Halafu akajitukana kimoyomoyo, akaenda kuianika.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya uvivu. Wateja walizidi, makusudi yakamwishia. Kuimba alishatoa, kupima upepo alishatoa, hata kusimama karibu na mlango alishatoa. Alipokuja mwenye duka la dawa, Kilainishi alikuwa amechoka na njaa inamkwangua, akasema la kwanza lililomjia: "Kukumbusha."

Kesho yake, pale njia panda, Bwana Vigae alimkuta mtu mwingine amesimama mahali pake, amenyoosha kidole.

"Usisahau!" alikuwa anasema mwenye duka la dawa.

"Wewe! Hilo ni langu!"

"Lako tangu lini? Nimepewa na Daktari!"

"Usisahau nilianza mimi!"

"Na wewe usisahau kwamba sijali!"

Wakashikana makoti. Wapita njia waliokuwa katikati yao walikumbushwa kutoka pande zote mbili mpaka wengine wakasahau majina yao. Muuza nyama alikuja kuamua ugomvi lakini hakuweza kusema. Mwalimu mkuu alifika. Mama mwenye nyumba alishangaa sana. Kelele zilisikika mpaka mtaa wa tatu, na kwenye hoteli ndogo ya mtaa huo, mwanamke mmoja wa makamo, mgeni wa mji, aliweka kikombe chake cha chai mezani akasikiliza kwa makini.

Asubuhi iliyofuata aliingia saluni. Mfupi, gauni la kijivu, viatu vya bapa, utepe wa kupimia wa fundi cherehani umening'inia shingoni. Hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi stoo, akapima mlango, akapima urefu wa dirisha, akapima kiatu cha Kilainishi, akakisikitikia kwa kutikisa kichwa.

"Karibu mama," Kilainishi akasema. "Unatafuta kusudi?"

"Nakagua makusudi."

"Samahani?"

"Mimi ni mkaguzi. Natoka ofisini."

"Ofisi gani, mama?"

"Kama unatoa makusudi na hujui ofisi gani, hilo nalo ni kosa." Akapindisha ncha ya utepe kidogo, kama anayeweka alama. "Mnayahifadhi wapi?"

Mtu mwenye akili zake angecheka. Kilainishi mwenyewe ndiye aliyeyatunga makusudi yote, mengine akiwa anatafuna mkate. Lakini maisha yake yote alikuwa anaogopa watu wa ofisi, na hofu ya namna hiyo haisubiri kuuliza ofisi ipo au haipo. Akajikuta anagonga kofia ya mashine.

"Humu."

"Na joto lote hili?"

"Kuna dirisha."

"Makusudi yanachacha, kaka yangu." Akainama akanusa chini ya kofia, akarudisha kichwa nyuma haraka. "Mh! Haya yamechacha. Hebu niambie, hakuna mteja aliyekuja akasema anataka mambo mawili kwa wakati mmoja?"

Kilainishi akakumbuka kwamba mwalimu mkuu juzi alilalamika: amefika mahali, akatamani kukaa, na wakati huohuo akatamani kwenda kufika kwingine.

"Yupo mmoja," akasema kwa sauti ndogo.

"Dalili ya kwanza." Akapindisha utepe tena. "Na nani alikuruhusu kutoa kusudi moja kwa watu wawili?"

"Niliishiwa, mama."

"Uliishiwa!" Mkaguzi akatazama dari kama mtu anayeomba subira. Kisha akaziona mali zilizorundikana ukutani, akaweka mkono kifuani. "Na hivi ni vizuizi? Vya watu mbalimbali? Mmevilaza chumba kimoja?"

"Nafasi ni ndogo..."

"Friji ya mtu imegusana na baiskeli ya mtu! Unajua kinachotokea?"

"Sijui."

"Heri usijue."

Kilainishi akafanya lile alilolizoea mbele ya watu wa ofisi. Akachukua bangili moja ya dhahabu, ile nzito, akaifunika kwa kiganja, akaisogeza taratibu kuelekea kwenye mkono wa mkaguzi. "Mama yangu," akasema, na hapa sauti yake ikarudi, laini, yenye asali, "sisi ni watu wazima. Hebu tuelewane kibinadamu."

Mkaguzi aliruka nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Kizuizi cha mtu unipe mimi? Unataka nife?"

Hapo ndipo Kilainishi alipoamini. Katika miji yote aliyopita hakuwahi kukutana na mtu wa ofisi aliyekataa. Mtu bandia angepokea. Huyu alikuwa wa kweli, na kama yeye ni wa kweli basi ofisi ipo, na kama ofisi ipo basi makusudi yapo, na kama makusudi yapo...

Akakaa kwenye kiti.

"Mama," akasema. "Samahani. Na langu lipo?"

Sura ya mkaguzi ikalainika. Akamsukuma taratibu chini ya kofia, akawasha mashine. Ikanguruma. Akaweka sikio. Kilainishi alikaa mikono magotini, akitazama mbele, na moyo wake ulikuwa unamdunda kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Miji mingapi?" mkaguzi akauliza.

"Ipi, mama?"

"Uliyotoka mbio."

Kilainishi akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Unafika, unaanza, mambo yananoga, unaondoka. Watu wanakufurahia, wewe unatafuta mlango. Hata hapa umeshakodi lori moyoni." Alisema polepole, bila ukali, kama mtu anayemsomea mwingine kitu anachokijua kwa kukiishi. "Kizuizi chako ni viatu."

Kilainishi alitazama viatu vyake. Vilikuwa vya rangi mbili, vimeng'aa, vya gharama. Alivipenda kuliko kitu chochote. Akainama akavivua.

"Na kusudi lenyewe?"

"Kubwa. Limezidi mashine hii, litaipasua. Utapewa ofisini. Unalijua jengo la maji?"

"Pale watu wanapolipia maji?"

"Ukumbi wa chini, benchi la kwanza. Utakaa bila viatu, bila kusema na mtu, mpaka uitwe."

"Lakini mama, lile si jengo la maji?"

"Ulitaka tuandike mlangoni?"

Hilo nalo lilikuwa na mantiki. Vizuizi vilitakiwa kuhamishwa haraka kabla havijaambukizana, na mkaguzi alikuwa ameshakuja na pikapu, imeegeshwa nje na dereva wake. Kilainishi alibeba kila kitu mwenyewe, pekupeku. Friji aliibeba kwa mgongo. Alifunga blanketi kati ya friji na baiskeli zisigusane. Alifuta vumbi kwenye viti vya ngozi. Bangili na saa ya dhahabu mkaguzi alivipokea kwa kipande cha kitambaa, amekunja uso, kama anayeshika panya.

Shemeji alisimama mlangoni, kitana mkononi, mteja wake nusu kasukwa.

"Shemeji, huyu mama nani?"

"Mkaguzi."

"Wa nini?"

"Wa makusudi."

Shemeji akamvuta pembeni. "Lakini makusudi si uliyatunga wewe? Pale jikoni kwangu? Unakula mkate?"

"Shemeji," Kilainishi akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo shemeji alikuwa hajawahi kuiona, "mambo haya yamekua."

Jengo la maji lilikuwa na ukumbi mrefu, sakafu ya baridi, madirisha madogo ya vioo yenye makarani nyuma yake. Kilainishi akakaa kwenye benchi la kwanza, suti yake nadhifu, miguu mitupu imebanana pamoja. Mfanyakazi wa usafi akapitisha tambara chini ya nyayo zake. Akazinyanyua, akazishusha. Hakusema neno.

Na hapo likamtokea jambo ambalo hakulitarajia. Alitulia. Maisha yake yote alikuwa akiingia chumbani anahesabu milango na kuchagua mtu wa kumwanza. Leo hakuna wa kumwanza. Alijua mahali anapotakiwa kuwa, na alikuwapo. Alijua anachotakiwa kufanya, na alikuwa anakifanya. Mabega yakashuka. Akamkumbuka Bwana Vigae na soksi zake, na kwa mara ya kwanza hakuona kichekesho.

Mzee mmoja aliyekuja na malalamiko ya bomba akamsogelea. "Kijana, foleni ni hii?"

Kilainishi hakuruhusiwa kusema. Alimtazama tu, kwa utulivu mkubwa, uso umejaa matumaini. Mzee akaona huyu bila shaka anajua anachokingojea. Akakaa kando yake. Akaja mama mwenye mtoto, akakaa. Wakaja vijana wawili, wakasimama. Baada ya muda madirisha ya makarani yalibaki matupu, na watu wote ukumbini walikuwa wamejipanga nyuma ya mtu asiye na viatu, foleni imekata kona imefika mlangoni. Karani mmoja naye alitoka akaja kuuliza, akaangalia, akatafuta nafasi yake.

Alasiri shemeji aliingia, ameshika kandambili, amekasirika, na pia ana huruma, na hakujua aanze na lipi.

"Shemeji, inuka. Yule mama kaondoka."

Kilainishi akaweka kidole mdomoni.

"Usininyamazishe! Dereva wa pikapu kaja saluni kudai. Anasema alimshusha stendi ya malori, vitu vikahamishiwa lori kubwa, vyote, na viatu vyako. Alipomwomba nauli akamwambia kusudi lake la maisha ni kusafirisha bure."

Kilainishi hakutikisika.

"Na dereva anasema kidogo akubali," shemeji akaongeza, "ila ana watoto."

Ndani ya kichwa cha Kilainishi kila kitu kilikuwa kinarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama fundi anayefumua shati alilolikuta dukani aone limeshonwaje. Utepe. Kunusa. Joto la chumba. Ule mruko wa kuogopa.

"Bangili," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi. "Alikataa moja achukue zote."

"Ndiyo hivyo."

"Lo!" Akatikisa kichwa polepole, na sauti yake ilikuwa na heshima. "Yule mama ni fundi."

"Ni mwizi! Na wewe ni mwizi! Vaa hizi twende nyumbani, taulo zimelundikana."

Kilainishi alizitazama kandambili. Akavaa moja. Ile nyingine akabaki ameishika mkononi.

"Wanafunga saa ngapi hapa?"

"Unauliza ya nini? Hakuna atakayekuita, shemeji! Hakuna kitu!"

"Najua."

"Unajua?"

"Najua kabisa." Akaegemea ukuta. "Niache kidogo tu. Wakifunga, nakuja kufua."

Shemeji alimtazama. Alikuwa amekuja na maneno mengi, yote makali, lakini mtu mwenyewe alikuwa amekaa kwa raha kiasi kwamba hasira ilikosa pa kutua. Akashusha pumzi. Miguu ilikuwa inamuuma, amesimama saluni tangu asubuhi. Akakusanya gauni lake akaketi pembeni ya Kilainishi kwenye benchi.

Ukumbi mzima ukapiga kelele.

"Wee mama!" mzee wa bomba akafoka. "Unaturuka! Sisi hatuna kazi?"

"Tupo hapa tangu saa ngapi!" mama mwenye mtoto akadakia.

"Mwisho wa foleni ni kule!" karani akanyoosha kidole.

"Foleni ya nini?" shemeji akauliza. "Mnangoja nini nyie?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejibu, lakini hakuna aliyetoka kwenye nafasi yake, na nyuso zao zilikuwa za watu wenye uhakika. Na shemeji, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kudanganywa na mtu yeyote, akainuka, akatembea taratibu hadi mlangoni, akauliza wa mwisho ni nani.